Bahasha za Lakiri na Faini za Jumatatu

Aliyehusika ni mwenye duka. Nalitamka hilo kwanza, kwa sababu kwa miaka mingi nimesikia habari hii ikisimuliwa vingine: kwamba kosa lilikuwa la karani wake, kwamba lilikuwa la gari moshi, na hata kwamba halikuwa kosa la mtu yeyote, bali ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile. Sivyo. Faini tatu za kuchelewa zilizogongwa kwenye kadi yangu ya malipo, pamoja na faini za wenzangu kumi na mmoja, ziliagizwa na mtu mmoja aliyeuza baiskeli, redio na cherehani katika barabara kuu ya Nakuru, naye aliziagiza fedha zetu zikiwa tayari ndani ya droo yake. Sehemu yangu mimi katika jambo hili ipo. Nitaieleza mahali pake wala sitaificha.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa karani katika stesheni ya Longonot. Nilikata tiketi, nilipima madebe ya maziwa yaliyoletwa kutoka mashambani, na niliandika saa ya kila gari lililoingia na kutoka. Tuliishi nyuma ya stesheni katika nyumba za reli, chumba kimoja na jiko, majirani wengi wakiwa watu waliotoka magharibi mwa nchi kama sisi. Mke wangu alikuwa amejifunza kushona misheni kabla hatujaoana, na kwa miaka minne alishona kwa mkono huku akisema kwamba vidole vyake vinafanya kazi ya chuma. Ndipo nilipokwenda Nakuru kuchukua cherehani kwa mkopo wa miezi kumi na minane.

Duka lilinipa kadi ya manjano yenye vyumba kumi na vinane, kimoja kwa kila mwezi. Malipo yangu yalipaswa kufika kabla tarehe tano haijapita. Wengine walipewa tarehe kumi, wengine ishirini, kwa kadiri ya siku waliyochukua bidhaa. Nyuma ya kadi yaliandikwa masharti, nami niliyasoma yote nikiwa nimesimama pale pale kabla ya kutia sahihi, jambo lililomuudhi karani wa duka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Anayechelewa hutozwa shilingi tano. Anayechelewa mara tatu hunyang'anywa bidhaa, na alichokwisha kulipa hakirudi.

Sisi wa stesheni ndogo tulilipwa mshahara na behewa maalumu lililofungwa nyuma ya gari. Ndani yake alikaa karani wa mishahara pamoja na askari, na behewa hilo lilisimama kila stesheni hadi kila mtu aitwe na kutia sahihi. Kwetu lilifika tarehe mbili au tatu. Siku iliyofuata niliweka shilingi thelathini na kadi yangu ndani ya bahasha, nikaifunga kwa lakiri nyekundu iliyoyeyushwa, nikagonga muhuri wa stesheni juu ya lakiri, nikamkabidhi gadi wa gari la kwenda Nakuru. Gadi alitia sahihi na kunipa stakabadhi. Nakuru karani wa vifurushi alitia sahihi. Mtu wa duka alipokuja kuchukua bahasha, naye alitia sahihi na kugonga muhuri wa duka katika daftari la kupokelea. Bahasha moja, watu watatu, sahihi tatu. Sijapata kuona utaratibu uliokuwa safi kuliko huo.

Kwa miezi kumi na moja sikuchelewa hata mara moja. Karani wa duka alifungua bahasha siku ile ile aliyoipokea na kugonga kadi.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Mwezi wa saba mwenzangu mmoja wa stesheni ya Gilgil, aliyekuwa akilipia baiskeli katika duka hilo hilo, aliambiwa kwamba bahasha yake ilipungua shilingi moja. Aliapa kwamba aliihesabu mara mbili. Ukweli haukujulikana, na mimi simshuku mtu nisiyemwona. Lakini nilifikiri kwamba dawa ya mashaka ni utaratibu, kwa hiyo kuanzia mwezi wa nane niliandika juu ya kila bahasha yangu, kwa wino mwekundu na herufi kubwa: AFUNGUE MWENYE DUKA MWENYEWE TU. Niliona nimefanya jambo la busara. Niliwaambia wenzangu. Kwa kuwa watu wa reli hupenda maagizo yaliyoandikwa vizuri, katika muda wa wiki chache kila mwenye kadi ya duka lile, kutoka Longonot hadi Gilgil, aliandika maneno hayo hayo kwa wino mwekundu.

Mwezi huo huo kadi yangu ikarudi na faini. Nilidhani ni kosa la kalamu, nikaandika barua. Sikujibiwa. Mwezi wa tisa ikarudi na faini ya pili, nikaandika barua ya pili, nakala nikaiweka. Mwezi wa kumi haikuja kadi peke yake. Ilikuja na karatasi iliyopigwa taipu ikisema kwamba nimechelewa mara ya tatu, na kwamba siku ya Jumatatu, tarehe kumi na tano, lori la duka litafika Longonot kuchukua cherehani.

Nilikuwa nimelipa miezi kumi na minne. Juu ya meza ya mke wangu palikuwa na kitambaa cha buluu cha gauni ishirini za kwaya ya kanisa, kimekwisha kukatwa, na gauni tatu tu zilikuwa zimeshonwa. Wanakwaya walikuwa wametoa malipo ya mwanzo, naye alikuwa amewaahidi kwa kinywa chake kwamba watavaa Krismasi.

Alisoma ile karatasi polepole, kisha akaniuliza, "Ulituma?"

"Nilituma tarehe nne. Stakabadhi hii hapa."

"Na ya mwezi wa tisa?"

"Hii hapa. Na ya mwezi wa nane hii."

Akazipanga zote tatu juu ya kile kitambaa cha buluu, akazitazama. "Baba watoto," akasema, "stakabadhi zako ni nzuri sana. Lakini hazishoni kola. Jumamosi twende wote."

"Mimi nitakwenda. Wewe una kazi."

"Kazi ninayo hadi Jumatatu tu. Ukienda peke yako utaandika barua ya tatu."

Nikazikusanya stakabadhi, nikazitia mfukoni.

Jumamosi, tarehe kumi na tatu, nikaomba ruhusa, tukapanda gari la asubuhi. Njiani nilitoa kalenda ya mfukoni na kadi ya manjano, nikalinganisha siku, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Faini ya kwanza iligongwa tarehe sita mwezi wa nane. Ya pili tarehe kumi mwezi wa tisa. Ya tatu tarehe nane mwezi wa kumi. Siku zote tatu zilikuwa Jumatatu. Nilimwonyesha mke wangu. Akasema, "Gari lenu huchelewa Jumatatu tu?" Nikamjibu kwamba gari letu lilikuwa limekwisha kufika, kushusha, na kurudi Nairobi.

Kwenye stesheni ya Nakuru askari walikagua karatasi zetu za ruhusa ya kusafiri, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, kisha tukaenda moja kwa moja ofisi ya vifurushi. Karani wa hapo alikuwa mtu mfupi, mzee kuliko mimi, tuliyefahamiana naye kwa sahihi zetu zaidi kuliko kwa sura. Nilimweleza haja yangu. Akafungua daftari lake, akalamba kidole, akapata kurasa. Tarehe nne mwezi wa nane: bahasha moja, Longonot, imepokewa, sahihi ya karani wa duka, muhuri wa duka. Tarehe nne mwezi wa tisa, vivyo hivyo. Tarehe nne mwezi wa kumi, vivyo hivyo. Muhuri ule ulikuwa na jina la duka kwa wino wa zambarau, na tarehe katikati.

Nikamwomba nilibebe daftari hadi dukani kwa saa moja.

"Haliondoki," akasema.

"Nitakuandikia hati."

"Ndugu yangu, unaijua kanuni kama mimi. Daftari hili haliondoki hapa bila karani wake." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki robo saa kufika mapumziko yake ya mchana. Akalifunga daftari, akalizungushia kitambaa cha khaki, akalikumbatia kwapani. "Kwa hiyo karani wake atakwenda nalo. Ngojeni nifunge dirisha."

Basi tukaingia dukani watu watatu. Ilikuwa siku ya watu wengi. Palikuwa na wanawake wawili waliokuja kulipia redio, dereva wa lori la shamba moja la Njoro aliyeshika kadi ya baiskeli, na wengine waliokuwa wakitazama tu. Karani wa duka, kijana mtanashati mwenye mafuta mengi kichwani, alinitambua.

"Karibu, Bwana Longonot! Mama, karibu. Mmeamua kuirudisha wenyewe? Mmetupunguzia petroli."

"Tungeileta," mke wangu akasema, "lakini mkichukua cherehani mchukue na gauni kumi na saba za kwaya. Nani hapa kwenu anajua kutia kola?"

Dereva akacheka. Karani akajikohoza. Nikaweka kadi yangu juu ya kaunta, na pembeni yake stakabadhi zangu tatu, nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Bahasha yangu ya mwezi huu ulipokea siku gani?"

"Kadi inasema tarehe nane."

"Sijauliza kadi. Nakuuliza wewe uliyekwenda stesheni."

Akasita. Nadhani alikuwa mtu mkweli kwa asili, na uongo haukumjia upesi. "Niliichukua tarehe nne," akasema. "Lakini haikufunguliwa hadi Jumatatu. Bahasha zenye wino mwekundu nimekatazwa kuzigusa. Bwana huzifungua mwenyewe, na Bwana hufungua Jumatatu, siku ya hesabu."

"Na siku nyingine za juma Bwana huwa wapi?"

"Yuko ndani," akasema kwa sauti ya chini, akionyesha pazia lililokuwa nyuma yake. "Anakunywa chai."

Hapo ndipo nilipojua uzito wa wino wangu mwekundu. Niliona wenzangu wote wa njia ile, mmoja mmoja, wakiandika maneno niliyowafundisha na kujitia kitanzi kwa mwandiko mzuri. Lakini pia niliona jambo la pili, nalo ndilo kubwa. Kati ya pazia lile na droo ya kaunta zilikuwa hatua nane. Nilizihesabu baadaye.

Mwenye duka akatoka na kikombe mkononi, kwa kuwa alisikia watu wamenyamaza. Hakunisalimu. Alitazama kadi, akasema, "Faini ni faini. Ukichelewa, umechelewa."

Karani wa vifurushi akafungua kitambaa chake cha khaki, akaweka daftari juu ya kaunta, akalifungua mahali alipokuwa ametia karatasi. Mwenye duka akanyoosha mkono.

"Tazama kwa macho, Bwana," karani wa vifurushi akasema. "Mkono uache ulipo. Hili ni daftari la serikali ya reli, si la kumwagiwa chai."

Watu wakacheka. Mwenye duka akainama, akatazama.

"Huu ni muhuri wa karani wangu," akasema.

"Jina lililo ndani ya muhuri ndilo lililo juu ya mlango wako," nikamjibu. "Na muhuri ulio katika kadi yangu ndio huo huo. Katika daftari duka lako linasema limepokea tarehe nne. Katika kadi duka lako linasema limepokea tarehe nane. Lipi kati ya maduka yako mawili ninadaiwa nalo?"

Akainua kichwa, na nakiri kwamba alilolisema lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. "Wewe mwenyewe umeandika. Afungue mwenye duka mwenyewe. Nimefungua mwenyewe. Nimekutii."

Nilihisi macho ya mke wangu ubavuni. Ningeweza kuzungukazunguka, sikufanya hivyo. "Ndiyo," nikasema mbele ya wote. "Niliandika, na wenzangu wakaiga. Kosa la kutofikiria kwamba mtu ataacha fedha zilale ni langu. Lakini niliandika nani afungue, sikuandika afungue lini. Ulizipokea, ukazifungia, kisha ukanitoza kwa sababu hujazitazama."

"Ndiyo desturi ya duka."

"Basi na mimi desturi yangu," dereva wa Njoro akasema, akiinua kadi yake ya baiskeli juu, "mshahara nitaufungua Krismasi, Bwana. Wewe utangoja mwakani. Faini utaiandika hewani."

Vicheko vikajaa duka. Mmoja wa wale wanawake wa redio akapiga makofi. Mwenye duka aliweka kikombe chini, akamwambia karani wake alete wino afute hizo faini, mambo yaishe. Karani akavuta droo kutafuta kidau, na mke wangu, ambaye muda wote alikuwa ameegemea kaunta karibu na droo hiyo, akasema, "Ngoja. Hizo nyekundu ni za nani?"

Zilikuwa bahasha saba. Lakiri zake zilikuwa hazijaguswa, na wino mwekundu ulikuwa juu ya kila moja. Karani wa vifurushi akageuza kurasa. Zote zilikuwa zimepokewa tarehe tisa na kumi. Zote zilikuwa za watu ambao tarehe yao ya mwisho ilikuwa kumi. Siku ile ilikuwa kumi na tatu, na zilikuwa zikingoja Jumatatu zifunguliwe, zihesabiwe, na wenyewe watozwe.

"Zifunguliwe sasa," nikasema. "Mwenyewe ndiye huyu. Yuko mbele yetu."

Akazifungua. Mbele ya watu wasiopungua kumi alivunja lakiri saba, akahesabu fedha saba, na kadi saba zikagongwa tarehe iliyokuwa katika daftari la vifurushi, si tarehe ya siku ile. Kijana alirudisha muhuri nyuma kwa kidole, tarehe baada ya tarehe, na sikumbuki kuona kazi ya ofisi iliyonifurahisha zaidi katika utumishi wangu wote. Kisha akaja kwenye kadi yangu. Faini tatu zikafutwa kwa mstari mmoja mmoja, na kila mstari mwenye duka akautilia sahihi, kwa sababu sikukubali mstari usio na sahihi. Shilingi kumi nilizokwisha kulipa kwa faini mbili za kwanza zikarudi mkononi mwa mke wangu. Ile karatasi ya lori nikaomba aandike juu yake neno BATILI. Akaliandika. Ninayo.

Mke wangu alikwisha kugeuka mlangoni, kwa kuwa alikuwa na kola kumi na saba zikimngoja, pale mwenye duka aliposema kwa hasira, "Huyu karani ndiye aliyeniharibia jina. Leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa."

Yule kijana alisimama tu, kidau mkononi.

"Hapana," nikasema. "Huyu alikatazwa kugusa. Amesema hivyo mbele yetu sote, nawe hukukana. Aliyekataza ni nani?"

Mwenye duka akarudi nyuma ya pazia. Nami nikaomba karatasi, nikaandika barua ya madai pale pale kwenye kaunta, nikawasomea waliokuwapo. Wanaojua kuandika walitia sahihi, na dereva wa Njoro alitia kidole gumba kwa wino wa zambarau wa duka lenyewe, akisema kwamba angalau sasa wino huo umefanya kazi ya halali.

Lori halikuja Jumatatu. Cherehani ililia tangu asubuhi hadi jioni, na kwaya ikavaa buluu. Wenzangu kumi na mmoja walirudishiwa faini zao kabla ya mwaka kwisha, kwa bahasha za lakiri, kwa gari letu wenyewe. Kijana hakufukuzwa. Malipo yangu manne yaliyobaki yalifika kwa wakati, na juu ya bahasha nilibadili maandishi: AFUNGUE ANAYEPOKEA, AGONGE MUHURI SIKU HIYO HIYO. Mke wangu aliyasoma akasema kwamba sasa ninaandika kama mtu aliyewahi kufika dukani.

Kitu kimoja tu hakikupatikana, nacho ni jibu la barua ile tuliyomwachia juu ya kaunta. Fedha zilirudi bila neno, kama kwamba zilipotea zenyewe na kujipata zenyewe. Mwenye duka aliuza biashara yake miaka michache baadaye na kuondoka Nakuru. Mimi sikuondoa dai langu, wala hakuna aliyeniambia kwamba dai huisha kwa sababu mdaiwa amehama. Kwa hiyo naliweka hapa kama lilivyosomwa siku ile:

"Kwa mwenye duka. Sisi tuliotia sahihi na vidole hapa chini tumeshuhudia kwamba fedha zilizopokewa kwa wakati zilifungiwa katika droo ya duka hili, na wenyewe wakatozwa faini ya kuchelewa. Tunadai, kwanza, kadi zote zilizogongwa faini tangu mwezi wa nane zilinganishwe na daftari la vifurushi la stesheni, na kila faini isiyo ya haki irudishwe. Pili, karani wa duka asiadhibiwe kwa agizo ambalo hakulitoa. Tatu, tunadai maelezo ya maandishi yanayomtaja aliyeagiza bahasha zisifunguliwe hadi Jumatatu, yakieleza aliagiza kwa sababu gani, na yakiwa na sahihi ya mtu huyo mwenyewe. Maelezo hayo yatolewe kwetu ndani ya siku kumi na nne tangu leo."